Matango Kumi kwa Siku

Jumatatu, 3 Juni

Kilo tisini na nne. Nimepanda mizani ya stoo kabla wapishi wenzangu hawajafika. Ni ile ya kupimia magunia ya mahindi. Nilivua viatu, nikavua na saa ya mkono. Bado tisini na nne.

Daktari anataka themanini na mbili. Damu yangu na ya ndugu yangu Ochieng' zinapatana, figo zangu ni nzima zote mbili, lakini kwa uzito huu hawatanipasua ili nimpe moja. Wanasema nikibaki na figo moja na mwili huu, nitarudi kwao kama mgonjwa. Tulizaliwa watatu. Dada yetu mkubwa alipimwa, haikupatana. Nimebaki mimi.

Uji wa wanafunzi ulikuwa tayari saa kumi na mbili. Sikunywa.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipita Kondele kwa Mama Zuhura, anayeniuzia mboga. Nilimwambia shida yangu. Ameniambia nile matango. Kisa chenyewe ni kwamba kulitafuna tango na kulisaga tumboni kunataka nguvu nyingi kuliko zile linazokupa. Kwa hivyo ukila moja umepungua kidogo. Ukila kumi umepungua sana. Kabichi mbichi pia ni hivyo, anasema.

Yeye mwenyewe si mwembamba. Sikumuuliza.

Nimenunua kumi.

Jumapili, 9 Juni

Matango asubuhi, mchana, jioni. Chumvi kidogo. Kanisani tumbo lilinguruma wakati wa sala, mama wa mbele yangu akageuka.

Kazini naonja mchuzi halafu nautema kwenye sinki. Miaka kumi na sita nimepikia shule hii na sijawahi kutema chakula. Naona aibu.

Ochieng' ameniuliza kwa nini sili naye. Nikasema nimekula shuleni.

Jumanne, 18 Juni

Tisini! Nilipanda mizani mara tatu. Tisini.

Nilimpeleka Ochieng' kusafishwa damu, kama kila Jumanne na Ijumaa. Muda wa saa nne kwenye mashine. Mwaka juzi alikuwa fundi wa injini za mashua Usenge, anabeba injini begani peke yake kutoka ufuoni. Sasa anaishi kwangu Otonglo ili awe karibu na hospitali, na nikimshika mkono kushuka kwenye tuktuk, hakatai.

Nilimwambia habari ya matango. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Akasema kama kuna chakula kama hicho, maskini wote wa Kisumu wangekuwa wamekwisha kufa kwa kukila.

Niliona ni mzaha tu.

Ijumaa, 28 Juni

Themanini na tisa. Wiki nzima themanini na tisa. Nimeongeza hadi matango kumi na tano na haijasonga.

Kichwa kinauma kila saa. Nakunywa maji mengi ili tumbo lijae, na nayanywa nikiwa nimejificha jikoni, kwa sababu Ochieng' anaruhusiwa vikombe vitatu tu kwa siku na midomo yake imepasuka. Leo alinikuta na jagi mkononi. Aliangalia jagi, akarudi kitandani.

Najichukia.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeanguka kazini. Nilikuwa nakoroga maharagwe, mara nikajiona sakafuni na wenzangu wamenizunguka. Mkono wa kushoto umeungua kutoka kiwiko hadi kifundo. Wanasema nilishika sufuria nikianguka.

Ochieng' alitoka kitandani kuniangalia. Alikuwa na hasira.

"Nyamera, unataka tuzikwe wawili?"



Jumanne, 9 Julai

Wakati Ochieng' yuko kwenye mashine, nilienda kwa mtaalamu wa lishe. Msichana mdogo, pengine umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Nilimweleza yote. Hakucheka.

Alisema hakuna chakula cha namna hiyo. Kusaga chakula kunatumia nguvu, kweli, lakini ni sehemu ndogo tu ya kile chakula kimeleta. Tango ni maji, linaleta kidogo sana, lakini hata hicho kidogo ni zaidi ya kinachotumika kulisaga. Nilipungua kwa sababu nilikuwa sili kitu kingine. Na mengi niliyopunguza ni maji na nyama ya misuli.

"Mama, hakuna njia ya mkato. Pole sana."

Nilipimwa presha. Imevurugika. Alisema nikiendelea hivi madaktari watanikataa hata nikifika hizo themanini na mbili. Amenipa karatasi: mayai, samaki wa kuchemsha, sukuma wiki, ugali wa ngumi moja, kutembea kila siku. Nusu kilo kwa wiki.

Nilihesabu nikiwa bado nimekaa mbele yake. Miezi mitatu na zaidi. Nilitaka kumuuliza kama ndugu yangu ana miezi mitatu, lakini hilo si swali la mtu wa lishe.

Jumatano, 10 Julai

Nimetupa matango. Yalikuwa yamebaki sita.

Jumanne, 20 Agosti

Themanini na saba. Natembea kutoka Otonglo hadi shuleni, kwenda na kurudi. Magoti yanalia. Nakula kama karatasi ilivyosema. Kila kitu kinaenda sawa na kinaenda polepole mno.

Wiki jana Ochieng' alilazwa siku nne. Maji kwenye mapafu. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, naye amelala tu.

Sina imani tena. Natembea kwa sababu nikikaa ni vibaya zaidi.

Jumatatu, 23 Septemba

Themanini na nne na nusu. Mama Zuhura ameniambia nimependeza. Aliuliza kama ni matango. Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza, na yeye hakunitakia mabaya.

Jumanne, 5 Novemba

Themanini na moja na nusu. Kwa mizani ya hospitali, mbele ya daktari. Presha nzuri. Alinipa mkono.

Halafu akatuomba tukae. Walipiga picha ya moyo wa Ochieng' wiki iliyopita. Umechoka. Umepanuka, hausukumi damu vizuri. Hautavumilia upasuaji. Alisema maneno mengi baada ya hapo, na yote yalikuwa hayohayo.

Nilimuuliza kama upasuaji ungewezekana iwapo ningefika uzito huu mwezi wa saba. Akasema hakuna anayejua. Najua alisema hivyo ili nilale.

Ochieng' ndiye aliyenishika mkono tukitoka nje.

Jumatano, 6 Novemba

Sikuenda kazini. Nilikaa tu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nilimpeleka kwenye mashine asubuhi. Siku hizi ananiambia nirudi nyumbani, nisikae saa nne bure. Nakaa.

Shuleni wamebaki watahiniwa tu, na leo wanamaliza mtihani. Ochieng' akaniuliza nimewapikia nini jana. Nikamwambia wali na maharagwe.

"Yenye nyanya?"

Nyanya madaktari walishamkataza kwa ajili ya figo, na maharagwe pia. Nikasema ndiyo, yenye nyanya na dania.

Akafumba macho, akaegemeza kichwa. Mashine ilikuwa inazunguka. Muuguzi alipita akaangalia mpira wa damu, akaenda.

"Niambie vile ulipika," akasema. "Polepole."

Nikaanza na kitunguu.