Mwalimu wa darasa la kwanza anataka kuhama, na mimi ndiye wa kumzuia

Mama Anastasie mshauri wetu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo direkta wa shule yetu hapa Bihambwe, Masisi, atataka neno la kamati ya wazazi, na mimi ndiye prezida wa kamati, na neno lenyewe limenikaa kooni. Tuna mwalimu wa darasa la kwanza anaitwa Mama Euphrasie, na nakwambia ukweli, sijaona mwingine kama yeye, anapokea watoto ambao hata kushika kalamu hawajui, wanapita mia katika chumba kimoja cha mbao, wengine wanajua Kihunde tu, wengine Kinyarwanda tu, naye neno moja analisema kwa Kihunde, analirudia kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, mvua ikipiga mabati anapandisha sauti juu ya mvua, na kufika Pasaka karibu wote wanasoma. Binti yangu Naomie alipita kwake, sasa kitinda mimba wangu Samy ataanza Septemba, mtoto mzito wa kushika mambo, tulikuwa tunamngojea Mama Euphrasie huyo huyo, na ndipo nasikia ameomba kwenda darasa la tano, lenye watoto wachache wanaoelewa haraka. Nilimwendea nyumbani na kuku, nikamsifu sana, nikamwambia hakuna wa kumpita. Akapokea kuku, akajibu polepole: "Papa Gustave, siko nakimbia batoto. Sauti njo iko naisha." Ni kweli muuguzi wa kituo cha afya amemwambia apumzishe koo, na hata kwenye kwaya, ambako zamani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, siku hizi anasimama tu na kuchezesha midomo, lakini mshauri, darasa la tano kila mwalimu analiweza, la kwanza analiweza yeye peke yake. Mke wangu Francine ameniuliza, "Ukimuzuia, utamuangalia na macho gani ku kanisa?" Direkta anasema kamati ikikataa, naye atakataa. Je, ni kosa kumng'ang'ania mtu kwa sababu anafanya kazi yake vizuri?

Gustave, Bihambwe

*

Papa Gustave, kumpenda mwalimu si kosa. Kosa umeliandika mwenyewe katikati ya barua, ukalipita kama mtu anayeruka tope. Umemwona mwanamke aliyekuwa akianzisha nyimbo anachezesha midomo bila sauti, na bado swali lako ni la Samy. Wazee wanasema shukrani ya punda ni mateke. Yako ni kumfungia mtu mlango huku unamwimbia sifa.

Hofu yako naielewa. Mtoto mzito akianza vibaya anateseka miaka, na mzazi anaumia kumtazama. Lakini koo la Mama Euphrasie si barabara ya Bihambwe, kwamba ikichimbika mtaitana salongo, kazi ya pamoja, mkaifukie. Likiisha limeisha.

Halafu nikuulize jambo ambalo hukuniandikia. Matokeo yakitangazwa mwisho wa mwaka, poda ya kumpongeza aliyefaulu mnammwagia nani? Watoto wa darasa la sita wanaomaliza. Mbuzi mnampa nani? Mwalimu wao, anayevuna shamba lililolimwa na mwenzake. Mimi pia nimezaliwa Masisi, desturi zetu nazijua. Huyo mnayesema hakuna wa kumpita mmemkumbuka siku alipoomba kuondoka.

Basi, fanya hivi. Jumamosi simama kabla direkta hajakuuliza, useme kamati imekubali, ahame. Usikae bado. Mwambie direkta darasa la kwanza ligawanywe mara mbili na litafutiwe walimu wawili, kwa maana watoto zaidi ya mia si kazi ya koo moja. Akikujibu hakuna chumba, mbao mnazo na mikono mnayo, wazazi mjenge kabla ya Septemba, na prezida ndiye atangulie na msumeno. Hao walimu wapya waende kwa Mama Euphrasie awaonyeshe njia zake akiwa amekaa, kwa sauti ya chini. Siku ya matokeo poda ya kwanza imwagwe kichwani mwake, mbele ya shule nzima. Na kuku wako abaki zawadi, asigeuke chambo.

Sasa tuje kwa Samy. Akishindwa herufi, jioni ukae naye wewe, urudie naye a, e, i mpaka ashike, na mvua ikipiga mabati upandishe sauti. Yako bado ni nzima.