Gesi Jichoni na Mlima wa Londiani

Mjukuu wangu Cherono,

Pokea salamu za Londiani. Sisi ni wazima na viazi tumevuna. Wewe unayesomea udaktari wa macho huko mbali umeniuliza kama hasira yangu imeisha. Haijaisha.

Lile shimo katikati ya retina yangu, utando wa nyuma ya jicho, lilikuwa kubwa, na upasuaji wa kwanza ulishindwa kuliziba. Mara ya pili, kule chini karibu na ziwa, daktari mwingine alichukua utando mwembamba wa ndani ya jicho, akaliwekea shimo kiraka, kisha akajaza gesi ya kukishikilia. Akasema, "Lala kifudifudi siku tano," akaniruhusu niende nyumbani.

Gari lilipoanza kupanda milima, jicho likaanza kuuma. Kabla ya Kericho nilikuwa natapika. Babako akageuza gari, tukarudi mbio. Daktari alipunguza presha ya jicho, akasema, "Gesi hupanuka ukipanda juu. Pole mama, hatukujua unatoka milimani."

Nikamjibu, "Mliniuliza umri, dini na nambari ya simu. Mlishindwaje kuniuliza kwangu ni wapi?"

Nilikaa kwa shangazi yako huko chini mpaka gesi ikaisha. Shimo liliziba, na Biblia nasoma tena kwa miwani. Mikono ya daktari yule ni mizuri, siwezi kumnyima sifa hiyo. Nasikia siku hizi anamuuliza kila mgonjwa anakotoka. Ni vizuri, lakini alijifunzia kwenye jicho langu.

Ni mimi kogo wako, nyanya anayekupenda.