Dramu za Kaka Zinaimba Wimbo wa Mama

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana jambo lenyewe nikiwaambia watu wananicheka. Kaka yangu, ambaye wote tulimwita Radi, alikuwa mpiga dramu wa bendi yetu, akaugua kidogo tu akafariki, na mwalimu wa bendi akaniomba mimi, kwa kuwa ndimi ninayewaandikia nota za muziki, niandike dramu za wimbo wake wa mwisho ili mpigaji mpya ajifunze, basi nikachukua faili alilorekodi kwenye dramu zake za umeme, nikaliingiza kwenye programu ya kuandika nota, nikabonyeza icheze, na badala ya vishindo ikatoka sauti ya kinanda, na kinanda kile, mshauri, kilikuwa kinapiga wimbo ambao mama alitubembelezea tukiwa wadogo, wimbo aliotunga mwenyewe na ambao haujawahi kutoka nje ya nyumba yetu.

Nilidhani ni masikio yangu, lakini mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, nikasikia sahani ikivunjika, akaja mlangoni mikono inachuruzika maji, akauliza, "Nani kakufundisha kuupiga taratibu hivyo?" Nikamwambia, "Mama, hizi ni dramu za Radi." Hakulia. Alivuta kiti akakaa, na tangu hapo hataki kutoka chumba kile chenye kompyuta, chakula anagusa tu, anaimba akifuatisha kinanda, nacho hukatika kabla ya mstari wa mwisho, naye husema, "Ananisubiri nimalizie." Juzi nimemkuta amevaa viatu vya kutokea, nikamuuliza anakwenda wapi, akajibu, "Nikimaliza wimbo nitajua." Mwalimu wa bendi ananisukuma, nikirekebisha faili wimbo utapotea, nisiporekebisha namwona mama anaondoka huku namtazama. Nifanyeje?

Mwandika nota

Pole sana, mwanangu. Msiba haujapoa, na juu yake umeongezewa hili. Lakini acha nikugombeze kwanza: mama yako hali, amevaa viatu vya safari, na wewe umekaa unaandikia gazeti? Ungevuta kiti cha pili ukakaa naye.

La kinanda lina sababu yake. Nimemuuliza mtu wa kazi hiyo, akaniambia dramu haina do wala re. Kompyuta huipa kila ngoma namba, na faili likiingizwa kwenye mistari ya kinanda, namba zilezile husomwa kama sauti za juu na chini. Ngoma zikipotea njia hivyo, lazima zitaimba kitu. Kwa nini ziliimba wimbo wa mama yenu, hakujua. Nami sijui, na sitakudanganya.

Uliacha namba ya simu, nikapiga, akapokea mama yako. Nikamuuliza kama wimbo umeshaisha. Akasema, "Niliumaliza jana mchana, binti yangu alipokwenda dukani."

"Ikawaje?"

"Kishindo kimoja, cha ile dramu kubwa. Kompyuta ilikuwa imezimwa."

Nikamuuliza kwa nini basi bado anashinda chumbani humo. Akasema, "Mtoto huyu aliyebaki hajalia tangu mazishi. Nikitoka mimi, nani atakaa naye na ile mashine?"

Umesikia? Wewe unamlinda yeye, yeye anakulinda wewe, na chakula kinapoa mezani.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Pika, mle pamoja jikoni, mlango wazi. Kisha hifadhi nakala ya faili kama lilivyo, ni la mama. Ati wimbo utapotea, mwandika nota mzima umesahau nakala? Liingize upya, na safari hii uchague dramu, si kinanda. Sikilizeni mkiwa wawili, mpaka mwisho, na machozi yakija yaache yaje. Halafu mpelekee mwalimu kazi yake, watu wamsikie Radi akipiga alivyokuwa akipiga.

Na ukisikia kishindo mashine ikiwa imezimwa, usihangaike na waya wala swichi. Mshike mama mkono, mwitikieni Radi, mkalale.