Jua Ndani ya Karai la Mama

Ruiru, Jumapili

Bado nasikia kicheko cha serehangi, msimamizi wetu sisi mabaharia wa deki: "Mtu wa Ruiru na bahari, wapi na wapi? Rudi ukachume kahawa!"

Haya, nimerudi likizo. Leo adhuhuri nimejifunza kupima kimo cha jua, ile hesabu ya kujua meli iko wapi. Huku hakuna upeo wa bahari wa kupimia, basi nimemwaga oili chafu ya lori kwenye karai nilione jua humo.

Mama akafoka, "Na nguo nitafulia wapi?"

Mtihani wa umeti, yaani uafisa wa meli, naogopa. Hesabu zile...

Lakini meti ndiye humwamuru serehangi. Nikifaulu, sitamfukuza. Kila asubuhi atakuja kuniuliza, "Leo tufanye nini, bwana?"

Nami nitamaliza chai yangu kwanza.