Mama Anasema Niandike Umefariki

Baba yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila kichwa changu hakijatulia hata kidogo.

Chuo cha ualimu kinataka kila mwombaji aandike insha ya maisha yake: amelelewa na nani, kijiji chake kimemfundisha nini. Ukimaliza unampelekea katibu wa kijiji aisome, ndipo agonge muhuri. Mwalimu wangu alipofika kwenye habari zako alijikuna kidevu. "Baba mtoro wa kijiji cha Ujamaa? Hapo pagumu, binti." Mama ndiye aliyenimaliza. Alikuwa anapepeta ulezi, hata ungo hakuushusha. "Andika amefariki. Watakuhurumia."

Jamani, baba! Mtu mzima anavua dagaa ziwani huko Wampembe, mimi nimzike kwa kalamu?

Halafu sijui nikuonee huruma au nikukasirikie. Siku lori lilipokuja kutuhamisha, ulipakia vyombo vyote, ukampandisha mama, ukanipandisha na mimi, kisha wewe ukabaki chini. "Tangulieni, nakuja." Nilidhani umesahau jembe. Kumbe jembe tulikuwa tumelikalia. Mpaka leo sijui ulikuwa unafikiria nini.

Na kila nikianza kuandika nilivyolelewa, unatokea wewe. Unanionyesha kufukia nyasi ndani ya tuta, nami nakusumbua, ulezi utaota lini? "Acha zioze kwanza, mama. Ukiharakisha utakula nyasi." Unacheka mwenyewe. Katibu anataka niandike kwamba kulima nimefundishwa na shamba la kijiji. Wapi! Nilifika pale najua.

Karatasi nimechana mpaka mama ananung'unika. Kwenye moja umekufa kwa homa, kwenye nyingine umezama ziwani, na zote mbili nimelia kama msiba wa kweli.

Leo nimeandika hivi: "Baba yangu yuko Wampembe. Yeye ndiye aliyenifundisha kulima. Kwa nini alituacha, sijui." Katibu akasoma, akaguna, akaiweka mezani bila kugonga muhuri. "Rudi Jumatatu," akasema. Sijui ni ndiyo au hapana, na nimeogopa kuuliza.

Nikikosa chuo, utanikuta hapa hapa nafukia nyasi. Nikipata, mama atabaki peke yake, na hilo jembe lako lipo nyuma ya mlango.

Ni mimi binti yako, mwenye baba aliye hai.