Baba na Maana Zake Zote za "Run"

S.L.P. 23,
Kitangari,
Newala.
17 Novemba, 1996

Mpendwa mdogo wangu Optatus,

Shikamoo yako ya mwezi wa nane ilifika, na marahaba sana, ijapokuwa ilichelewa hadi nikadhani umeoa Mzungu ukatusahau. U mzima? Kifua chako kinasemaje na hiyo baridi ya Leeds? Je, bado unaishi na yule Mkenya anayepika wali mbichi? Sisi huku tuko hai, tunakula, tunalala. Zaidi ya hapo usiniulize bado. Nitakueleza mwenyewe kwa utaratibu, ila kaa chini kwanza.

Mvua haijagusa ardhi mpaka leo. Korosho zinaanguka, na wanunuzi wa siku hizi ni wengi kuliko korosho zenyewe. Kila mmoja kaja na mzani wake, na kila mzani una tabia zake. Bomba la maji limekauka tangu kabla ya Saba Saba. Wanasema mashine haina mafuta, na kwamba zama za kusubiri serikali zimepita. Kwa hiyo tunashuka bondeni walikoshuka bibi zetu, na tunapanda tena na ndoo kichwani. Ukifika juu una kiu kuliko ulivyoondoka.

Ile simu ya maandishi kuhusu Pendo, mtoto wa ndugu yetu Winfrida, ilikuwa fupi kwa sababu posta kila neno lina bei. Ulijibu ukauliza mtoto aliumwa nini, na hakuna aliyekujibu. Ninakujibu mimi kwa sababu Baba hawezi, na kwa sababu wewe ndiye mjomba wa yule mtoto. Unajua desturi yetu: mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Neno lako lilihitajika hapa kuliko la mtu yeyote, na bado linahitajika, ndiyo maana ya barua hii. Mahali pako alikaa Mjomba Marko, kaka yake marehemu Mama, na unamjua alivyo akishaamua jambo.

Lazima nianzie mbali kidogo. Unamjua Baba na neno lake. Tangu alipostaafu, na ghala la chama cha ushirika likabaki tupu, alikuwa akiwafundisha vijana Kiingereza humo kila jioni, na Kiingereza chenyewe kilikuwa neno moja: run. Alisema Waingereza wabahili. Wana neno moja wanalituma kila mahali, kama kaya maskini yenye sufuria moja, humohumo ugali, humohumo mboga, humohumo maji ya kuoga. Mtu akikimbia, run. Maji yakitiririka, run. Pua ya mtoto ikichuruzika, run. Mwenye duka akiliendesha, run. Sukari ikikuishia, nayo run. Ukikutana na mtu usiyemtarajia, ukigongwa na gari, ukiwa na homa, yote hayo wameyatundika kwenye msumari mmoja.

Mwaka jana wakati wa kampeni alifundisha ile ya kugombea ubunge. Ghala lilijaa hadi madirishani, kila kijana akitaka kujua hao wagombea wanakimbilia wapi. Siku ya somo la rangi inayochuja aliichukua khanga yangu mpya bila kuniuliza, akaimwagia maji mbele ya darasa, na khanga ikachuja kweli. Nilimnunia wiki nzima. Zile maana ulizokuwa ukimtumia wewe alizisoma kwa sauti, kisha akasema, hii imetoka Leeds moja kwa moja, haijafika hata Masasi.

Mimi nilimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena mfupi, hana hata silabi mbili. Lakini nilipenda kumsikia. Mzee mwenye kazi hazeeki upesi. Na vijana nao walikuwa na akili zao: siku hizi bila Kiingereza hata ukarani wa kupima korosho hupewi.

Sasa, mwezi wa sita alikuja mfanyabiashara mmoja na dawa mpya ya mikorosho. Salfa ya unga tunaijua. Hii ilikuwa ya maji, kali, ya kuua wadudu, na maandishi yake yote Kiingereza. Akauliza nani anaweza kusoma. Kila kidole kilimwelekea Baba. Alisoma mbele ya mkutano, akafasiri mstari kwa mstari: mfunike pua na mikono, msile mkiwa mnapuliza, na pipa likiisha litobolewe, lizikwe. Hapo mkutano mzima ulicheka. Kutoboa pipa, hapa kwetu, ambako posa ikija tunauliza kwanza kama kwao kuna pipa? Baba naye alicheka. Mapipa matupu yaligawanywa, na Baba akapewa moja la buluu kwa shukrani ya usomaji wake.

Usidhani alizembea. Aliliosha kwa majivu, akalisugua kwa mchanga na magunzi, akaliacha juani mdomo wazi, akaliosha tena kwa maji ya moto. Alilinusa hadi akapiga chafya. Tulipolijaza aliwaita majirani, akachota kikombe, akanywa yeye kwanza, akasema, "Nimeshatoa sumu, karibuni." Ndivyo tunavyofanya kwa pombe na kwa uji, mwenye nyumba hutangulia ili mgeni asiwe na shaka. Mimi nilikuwa wa pili. Hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Mwezi wa kumi Winfrida alikuja kutoka Mnyambe kutusaidia kuokota korosho, na Pendo mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea. Pipa lilikuwa limebaki maji ya chini kabisa, yaliyopikwa na jua siku nyingi. Mama Sadallah, yule mjane jirani yetu, akaja kuomba ndoo moja. Winfrida akamnyima, akasema hayo ni ya mtoto. Mama Sadallah akageuka akasema, "Haya, kunyweni wenyewe." Yalikuwa maneno ya mtu mwenye kiu, hakuna zaidi. Lakini watu walikuwa wanapita njiani, wakayasikia.

Kesho yake mchana Pendo alikunywa. Sitakuandikia yote. Alitokwa na mate kama mtoto anayeota meno, jasho likamlowesha gauni, mboni za macho zikawa ndogo kama punje za ulezi. Tulimkimbiza zahanati. Tabibu alimfunua jicho, akamnusa mdomo, akauliza kama mtoto amegusa dawa ya shamba. Baba alikuwa amesimama mlangoni na niliuona uso wake. Pendo hakuifikia magharibi, Optatus. Alikuwa ananishika kidole, kisha hakunishika tena.

Baba alirudi nyumbani akayamwaga maji yaliyobaki nyuma ya jiko. Kuku wangu wakayanywa wakafa. Akachukua sururu akalitoboa lile pipa, akachimba shimo, akalizika peke yake.

Msiba ulikuwa haujaanuliwa maneno yalipoanza. Shemeji yako Gervas, baba yake Pendo, alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hutafuta wa kumshika. Mjomba Marko akasema mtoto mzima hafi kwa mchana mmoja hivihivi. Yale maneno ya Mama Sadallah yakaletwa, kila aliyeyaleta akiyaongezea chumvi, hadi ikawa aliapa. Wakakubaliana aitwe fundi wa kunyoa. Unajua mambo hayo: mtu ananyolewa kichwa hadharani, anachanjwa, ananyweshwa dawa, na tangu siku hiyo ni mchawi aliyeng'olewa meno. Watamsalimia, lakini hakuna atakayekula kwake wala kumwachia mtoto.

Baba alisimama kikaoni akasema, "Si huyu mama. Ni pipa langu. Nilisoma kwa macho yangu kwamba litobolewe, nami nikalijaza maji nikawapa."

Mjomba Marko akamjibu kwa upole, "Mwalimu, ulitoa sumu mbele yetu. Ulikunywa wa kwanza. Sumu gani hiyo inamwacha babu inamchukua mjukuu?"

Baba akaeleza habari ya maji ya chini, na jua, na udogo wa mwili wa mtoto. Alieleza kama alivyozoea darasani, akarudia, akarudia tena. Walimsikiliza kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo iliyoniuma. Wakasema mzee amechanganyikiwa kwa uchungu. Nikasimama mimi nikasema kuku wangu wamekufa. Wakasema kama mchawi aliweza mtoto, kuku watamshinda nini? Ndipo nilipoelewa. Nusu ya watu pale kikaoni wana mapipa hayo majumbani. Wakimwamini Baba, kesho watanywa nini?

Baadaye Gervas alimfuata Baba uani. Alimwambia afungashe arudi kwao Lupaso, maana yeye hapa ni mkwe tu, alikuja kuoa, na akiendelea kujitia katikati atakuja kujuta. Nami, Mungu anisamehe, nilimsihi aende. Baba akanijibu kwamba amefundisha run kwa maana zote, ila ile ya kwanza kabisa, ya miguu, sasa ndiyo inayomshinda. Alitabasamu kidogo. Tangu hapo sijamsikia akilitaja neno lile.

Siku ya kunyoa ilikuwa Jumamosi asubuhi, mbele ya ghala. Mama Sadallah alikalishwa mkekani, wakamvua mtandio, na nywele zake zote nyeupe zikawa nje mbele ya wanaume. Alikuwa halii. Fundi alipoloweka wembe, Baba alipita katikati ya watu, akavua kofia, akaketi mkekani pembeni ya yule mama. "Anza na mimi," akasema.

Fundi alimtazama Mjomba Marko. Marko akatazama chini. Mjomba wa mtoto angeweza kusema basi, na shughuli ingeishia pale. Nilisubiri mtu aseme. Vijana wa darasa lake walikuwepo, wale waliokuwa wakiitika kwa pamoja hadi bati linatetemeka, na wote walikuwa wamekunja mikono. Wembe ukaingia kichwani kwa Baba.

Alipokwisha kunyolewa, Gervas akasema imetosha, mchawi amejitaja mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyomwamini. Pipa walilikataa, uchawi wakaukubali mara moja, kwamba babu alimtoa mjukuu wake ili apate ile akili ya kujua maana zote za neno la Wazungu. Mama Sadallah akarudishiwa mtandio akaenda nyumbani na nywele zake. Hapiti tena mbele ya kwetu. Simlaumu, anaogopa kuonekana.

Ghala sasa limekodishwa na mnunuzi wa korosho. Hakuna kijana anayekuja. Mimi nauza maandazi yangu Newala mjini ambako hawanijui, maana hapa hayanunuliwi. Baba anachoma nyasi shambani, anakula nikimwekea, nywele zimeanza kuota. Nina hasira na watu wote hawa, na nina hasira nawe pia kwa kuwa mbali, ingawa najua si kosa lako. Nimeisema ili itoke.

Nilipomwambia nakuandikia, nilidhani ataniomba nikuombe umsafishe jina. Hakuomba. Alisema, "Mwambie aandike habari za mapipa tu." Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie Mjomba Marko, kwa heshima zote, wewe kama mjomba wa marehemu. Mwambie mapipa ya buluu yatobolewe yote, yazikwe. Usimtaje Baba, wala usitetee mtu. Umesoma, uko kwa wenye dawa yenyewe, labda wewe watakusikiliza. Andika kwa Kiswahili, kwa maneno machache, na usikawie.

Nakuomba usikawie kwa sababu Gervas amemchukua Winfrida wamerudi Mnyambe, na amemkataza kukanyaga kwetu. Nilimwona mnadani kwa mbali. Ni mjamzito, miezi imeshakwenda. Na waliopita kwao wanasema nao wana pipa la buluu, limewekwa kando ya mlango wa jiko, limejaa.

Baba anakusalimu. Mama Sadallah angekusalimu kama angekuwa anaongea nasi. Msalimie huyo Mkenya wako, na mwambie achemshe wali vizuri. Mungu akulinde ugenini, akupe chakula cha kukutosha na maji yasiyo na shaka.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Paulina