Aliyekuwepo Nilipozaliwa

Jumatatu, 3 Februari
Kliniki ya watoto. Foleni mpaka nje, mizani imegoma tena. Katikati ya chanjo mtendaji wa kijiji akaniita pembeni. Natakiwa wilayani, ofisi ya mambo ya uraia. Kuna shaka kwamba mimi si Mtanzania. Shaka ya nani? Hajui. Mimi, muuguzi wa zahanati hii ya Nyansurura. Watoto wangapi wa hapa wamezaliwa mikononi mwangu. Nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Jumatano, 5 Februari
Benchi tangu asubuhi. Afisa ni kijana, ana adabu. Adabu yake ndiyo inayonitisha. Nikamwambia mimi Mkurya wa Tarime. Akasema Wakurya wako hata upande wa pili wa mpaka. Nikauliza nani amenishtaki.

"Hakuna aliyekushtaki, mama. Wewe ndiye unayetakiwa kutuambia wewe ni nani."

Amebaki na kitambulisho changu. Nilete mtu aliyekuwepo nilipozaliwa.

Alhamisi, 6 Februari
Mganga mfawidhi amenisimamisha kazi. Kwa upole, macho dirishani. Eti ni maelekezo. Ya nani, hakusema.

Jumamosi, 8 Februari
Kwa mama, karibu na Sirari. Nimemkuta anapepeta ulezi. Nikamweleza yote. Akaendelea kupepeta, kisha akasema nilizaliwa ng'ambo, Kenya. Alikwenda kumsaidia dada yake kuvuna, uchungu ukamshika huko. Maisha yangu yote nimeambiwa nilizaliwa hapa, kwenye nyumba hii. Nikamwomba ofisini aseme hivyo hivyo, kwamba nilizaliwa hapa. Akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Jumanne, 11 Februari
Ofisini mama kasema kweli tupu. Nilitamani kumziba mdomo. Afisa akaacha kuandika, akamtazama.

"Baba yake ni wa hapa," mama akaongeza, "na kaburi lake liko hapa. Nenda kamuulize."

Jalada langu linapelekwa mkoani. Kwenye basi nilikaa mbali na mama. Nina hasira naye. Najua sina haki.

Ijumaa, 21 Februari
Wilayani wanasema jalada liko mkoani. Mkoani, kwa simu, wanasema liko wilayani. Nikauliza wakinikataa nitapelekwa wapi. Hawajui. Ng'ambo hakuna anayenijua, mama mkubwa alishafariki. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje nadhani wamenifuata. Leo nilifungasha begi. Nikalifungua. Akina mama bado wanaleta watoto hapa nyumbani, niwaangalie tu. Nawarudisha. Naogopa hata kuwagusa.

Alhamisi, 6 Machi
Wameniita. Afisa yuleyule akanisogezea kitambulisho mezani. Nimethibitishwa. Nikauliza: na nani? Kwa lipi?

"Mama, wenzako wanasubiri."

Nje nikampigia mama. Nililia. Yeye hakulia, aliniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudishwa kazini. Mchana nimezalisha. Mtoto wa kike, mzima, sauti kubwa. Nilipomaliza kumfunga kitovu nikafungua mlango, nikamwita bibi yake, shangazi yake, na jirani aliyewasindikiza. Nikawaambia waingie wote, wamtazame vizuri, hapa hapa kitandani alipozaliwa. Wakashangaa. Lakini waliingia, wakasimama kumzunguka. Nikaenda kunawa mikono.